Programu Iliyofunguka Haraka

Mzee Hamisi alizikwa Jumanne baada ya swala ya adhuhuri. Wanaume walikwenda makaburini, nasi wanawake tukabaki ndani, vitenge kichwani, kwenye mikeka iliyotandikwa katika chumba kile kile kilichokuwa karakana yake, katika mji wa mpakani wa Kamembe, upande wa barabara iendayo uwanja wa ndege. Meza ya kazi ilikuwa imetolewa nje, lakini ukutani zilibaki alama za moshi pale alipozoea kuchomea nyaya. Tulikula pilau, watano watano kwa sinia moja, tukanywa chai ya tangawizi, na kila aliyekuwa na neno juu ya marehemu alilisema. Mmoja alisema alimtengenezea redio ambayo mpaka leo inaongea. Mwingine, muuza vitambaa wa sokoni, alitabasamu akasema, "Ule mzee alikuwa anauliza muntu maswali mingi kuliko munganga." Wote wakaitikia kwamba ndivyo alivyokuwa. Mjane wake, Mama Mwamvita, aliniuliza kutoka upande wa pili wa chumba kama bado nafanya kazi ya kompyuta. Nikajibu ndiyo, Maman, bado. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, na ndipo nilipoukumbuka mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na minne na kila kitu kilikuwa kinanitisha.

Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Bukavu na diploma ya ukatibu ndani ya bahasha, nikapata kazi katika kituo kidogo cha afya juu ya vilima, upande wa Nkungu, ambacho sitakitaja kwa jina kwa sababu kosa ninalolisimulia halikuwa la kituo. Lilikuwa langu. Kinyarwanda changu kilikuwa na lafudhi ya ng'ambo. Wagonjwa walinisikia wakatazamana, na mimi nikakuchukulia kule kutazamana kuwa hukumu. Niliogopa kusimama kwenye foleni ya maji. Niliogopa kumwita mtu kwa jina nisije nikalikosea. Zaidi ya yote nilimwogopa titulaire, ndiyo kusema mkuu wa kituo, Maman Consolée, muuguzi mnene mwenye hatua nzito, ambaye naye alikuwa amekulia Bukavu na alizungumza nami Kiswahili tukiwa wawili tu. Katibu aliyenitangulia alikuwa ameondolewa kwa kupoteza faili moja. Hakuna aliyeniambia ni faili gani. Kwa hiyo kila faili niliyoishika niliishika kama ndiyo ile.

Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa mbao nyembamba: nusu yangu, nusu ya duka la dawa. Nyuma yangu yalipangwa magunia ya unga wa uji wa watoto, na mbele yangu palikuwa na dirisha lisilo na kioo, la ubao tu, lililotazama njia wanayopita wagonjwa wakitoka. Chumba kilinuka dawa na mahindi yaliyosagwa. Kupitia zile mbao nilisikia kila neno la upande wa pili: Faustin, muuguzi kijana aliyekuwa na mwezi mmoja tu tangu atoke shuleni, akiwahesabia akina mama vijiko kwa sauti ya upole, na akina mama wakirudia nyuma yake kama watoto darasani. Nilipenda kuwasikiliza. Ilikuwa ndiyo redio yangu. Kompyuta yenyewe ilikuwa mzee wa plastiki iliyogeuka rangi ya meno, iliyoletwa kama msaada, na umeme wa jua ulitosha kuiwasha saa chache tu za mchana. Ilijaa virusi. Kila mtu aliyeleta flash yake kuchapisha barua aliacha ugonjwa na kuondoka na mwingine. Mwanzoni mwa kiangazi ikagoma kabisa. Tena tulikuwa tumeambiwa kutoka juu kwamba ofisi zisitumie programu za kunakiliwa kiholela, na ya kwetu, kwa kweli, ilikuwa ya kunakiliwa. Maman Consolée aliniita akasema wakaguzi wanakuja Jumatatu, akataka siku hiyo aikute mashine inafanya kazi na karatasi zote za ukutani zimechapwa upya. Alisema hivyo akimenya yai la kuchemsha, bila kuniangalia. Sikuthubutu kuuliza kama ataniondoa nikishindwa. Nilijijibu mwenyewe.

Hivyo Ijumaa nikateremka Kamembe kwa moto, ndiyo kusema pikipiki ya abiria, kompyuta imefungwa kwa mpira nyuma yangu, nikaelekezwa kwa Mzee Hamisi. Alikuwa amevaa kofia nyeupe na miwani miwili, mmoja juu ya paji la uso. Aliifungua mashine, akaipuliza vumbi, akasema hii haina ugonjwa wa mwili, ina ugonjwa wa akili. Akaniuliza inaandika nini, kwa nani, nani anasoma, nani anaweka sahihi, na nikikosea nani anaumia. Nilijibu lile la mwisho kwa kusema ni mimi ndiye nitakayefukuzwa. Aliniangalia juu ya miwani, kisha akachukua diski iliyoandikwa kwa kalamu neno moja, Linux. Alinieleza kwa maneno machache kwamba huu ni mtambo wa kuendeshea kompyuta ambao mtu yeyote ana haki ya kuunakili na kumpa jirani, na kwamba virusi vyetu havitaujua mlango wake. Ulipokwisha kuingia, skrini ikawa ya bluu tulivu, na mimi nikaogopa, kwa sababu sikuona hata kitu kimoja nilichokifahamu.

Kisha likaja suala la programu ya ofisi. Ile niliyojifunza shuleni haikukaa humo. Kulikuwa na njia ya kuilazimisha, Mzee Hamisi alisema, lakini ingekuwa tena ile ya kunakiliwa, na yeye hakutaka. Kulikuwa na nyingine za kufanyia kazi ndani ya mtandao, lakini kule juu kwetu mtandao ulikuja na kuondoka kama mvua. Zikabaki mbili. Moja kubwa, yenye kila kitu, maandishi yake yote kwa Kifaransa, lakini kwenye mashine ile kongwe ilichukua muda mrefu kufunguka kiasi kwamba tuliibonyeza, mkewe akaleta chai, tukaweka sukari, ndipo ikajitokeza. Ya pili ilikuwa ndogo na nyepesi. Ukiibonyeza, hiyo hapo. Niliweka flash yangu, nikafungua barua moja ya kuomba likizo, ikaonekana sawasawa, herufi kwa herufi. Nikasema nachukua hii.

Mzee Hamisi hakufurahi. "Barua haitakuonyesha kitu," alisema. "Leta ile karatasi yako mubaya kuliko zote. Ile ya tablo, yenye vyumba mingi. Tuifungue huku na huku, tuchapishe, tupime na kidole. Kiisha ndiyo utachagua."

Nilikuwa nazo hizo tablo. Ndani ya flash ile ile yalikuwa majedwali saba ya vipimo vya dawa, yale ya kubandikwa ukutani. Lakini jua lilikuwa limeanza kushuka, dereva wa moto alikuwa anapiga honi, na ile programu kubwa ilinitisha kwa ukubwa wake. Niliona taabu ya kumwonyesha mzee nisiyemjua kwamba sijui kutengeneza jedwali. Nikamwambia sina. Nikasema kazi yetu ni barua tu. Ulikuwa uongo mdogo. Huwa nashangaa jinsi ulivyotoka kirahisi, mimi niliyeogopa hata kumsalimia mtu. Leo naona kwamba mwoga hasemi uongo kwa ujasiri, anausema kwa haraka. Mzee Hamisi alifunga mashine, akaniambia nikikuta tablo siku moja, nirudi.

Jumamosi na Jumapili niliyafungua majedwali kutoka kwenye flash, nikayachapa. Programu nyepesi ilikimbia, na mimi nilianza kuipenda. Jedwali la tano lilikuwa la dawa ya maji ya degedege, dawa inayotuliza mtoto anayeshikwa na mishtuko, na ambayo ukiizidisha mtoto analala usingizi usio wa kawaida. Lilikuwa na safu mbili: kilo za mtoto upande huu, kipimo upande ule, kuanzia nusu kijiko kwa wadogo hadi vijiko viwili kwa wakubwa. Katika lile la zamani kulikuwa na chumba kimoja cha jedwali, juu ya safu ya vipimo, kilichounganishwa kutoka viwili, chenye onyo. Programu ile ndogo haikuelewa vyumba vilivyounganishwa. Ilikiondoa kimya kimya, na vipimo vyote vikapanda ngazi moja, kila kimoja kikakaa mbele ya kilo zisizo zake. Mimi nilichokiona ni kwamba mstari wa mwisho, wa watoto wakubwa, ulikuwa mtupu. Nikatazama kumbukumbu yangu, nikakumbuka kwamba wakubwa wanapewa vijiko viwili, nikaandika vijiko viwili. Mstari wa juu yake nao ulisema vijiko viwili. Sikujiuliza. Nilifurahi kwamba nimeliziba tundu. Jumatatu asubuhi Faustin alilibandika mwenyewe ukutani, akasema karatasi mpya inasomeka vizuri. Wakaguzi walikuja, wakatazama kuta, wakaondoka. Maman Consolée aliniletea sahani ya sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, na ugali mezani kwangu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akasema nimefanya kazi. Nilikula polepole ili ile siku isiishe.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, nilikuwa nimeketi nikingoja jua lipate nguvu. Upande wa pili wa mbao Faustin alikuwa na mama mmoja na mtoto wa kilo tisa aliyeshikwa na degedege usiku. Nilimsikia akisema kijiko kimoja kizima, asubuhi na jioni. Mama akarudia, kijiko kimoja kizima. Nilikuwa nimechapa lile jedwali kwa mikono yangu, na katika la zamani mbele ya kilo tisa palikuwa na neno nusu. Nusu. Niliwaza labda nakosea. Mama yule alitoka, akapita mbele ya dirisha langu, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kikicheza huku na huku. Aliniona akanisalimia. Nami nikamwitikia. Aliteremka njia.

Jedwali la zamani lilikuwa chini ya gunia la unga. Kulitafuta kulinichukua dakika chache tu; nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba muda ulipotea katika kutafuta. Muda haukupotea huko. Niliweka karatasi mbili sambamba, nikapitisha kidole, nikaona ngazi nzima ilivyopanda. Kisha nikaketi. Niliwaza bahasha yangu ya diploma. Niliwaza daraja la mpakani na jinsi nitakavyolivuka nikirudi Bukavu, na watu watakavyoniuliza. Faustin alipotoka kunawa mikono niliingia nikaibandua karatasi yangu ukutani, nikaificha ndani ya kitenge. Nilipopata umeme nilichapa nyingine kwa kuandika neno kwa neno, bila jedwali, nikaihakikisha mara nne, nikaibandika pale pale. Hakuna aliyeona. Faustin alirudi akaendelea na kazi akiwa na karatasi sahihi mbele yake, na mimi nikarudi kwenye kiti changu, nikajiambia imekwisha. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Nilichapa barua moja ya kuomba mishumaa, nikaifuta, nikaichapa tena.

Saa tano mpishi alipita na uji. Alisimama mlangoni kwa Faustin kama kawaida yake, wakazungumza, nami nikawasikia kupitia mbao. Mpishi aliuliza habari ya mtoto wa degedege, yule wa mama aliyekuja analia. Faustin akacheka kwa furaha ya muuguzi mpya aliyesaidia mtu, akasema, "Yule? Atalala muzuri leo."

Nilisimama. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kikombe cha uji kikianguka na nisikiokote. Maman Consolée alikuwa chumbani mwake, anaandika. Nilizitoa karatasi zote mbili, mbovu na ya zamani, nikaziweka mbele yake, nikasema, "Maman, ni mimi. Tablo iliharibika. Batoto wamepewa mara mbili."

Nilingoja anipige au anifukuze. Hakufanya hata kimoja. Alitazama karatasi, kidole chake kikiteremka mstari kwa mstari, uso wake ukabadilika rangi, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu niliona kwamba yeye pia anaogopa, na hofu yake haikuwa ya kazi. Akaita Faustin alete daftari. Tangu Jumatatu walikuwa wamepewa dawa ile watoto wawili. Akachukua begi lake, akaniambia, "Vaa viatu. Unajua kusoma majina, tunaenda."

Tulipanda moto mbili. Mtoto wa kwanza, mvulana wa nyumba ya karibu, alikuwa ameanza dawa tangu Jumanne, na njia nzima nilijua tutakuta watu wameketi nje kimya. Tulimkuta uani anatafuna hindi la kuchoma. Mama yake alisema amekuwa mlegevu na analala sana, lakini ile dawa huitema karibu yote. Maman Consolée alimpima, akaichukua chupa, akaniambia tuendelee. Nyumba ya pili ilikuwa mbali zaidi, chini ya migomba, na mlango ulikuwa umefungwa. Jirani aliyekuwa anachambua maharage alituambia kwamba Mama Divine amekimbia barabarani na mtoto, mtoto haamki.

Tuliwakuta kwenye kona ya barabara kuu, mama ameketi juu ya jiwe, mtoto amelala mapajani mwake, mikono imelegea pembeni. Alikuwa anangoja gari lolote. Maman Consolée alipiga magoti vumbini. Alifinya kisigino cha mtoto, akamwita jina, Divine, Divine, akaweka sikio kifuani. Mama yake alieleza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini kama anayesema siri: alimpa kijiko kizima alipofika nyumbani, kama saa nne, mtoto akatapika, akaona dawa imepotea, akampa kijiko kingine. Saa nne. Nilisimama nyuma yao nikasikia ile saa. Maman Consolée aliwapandisha mama na mtoto kwenye moto moja naye, watatu nyuma ya dereva, jambo lisiloruhusiwa, wakaondoka kuelekea hospitali ya mjini. Dereva wa moto ya pili hakuningoja katika haraka ile. Aliwafuata na begi. Nilibaki peke yangu kwenye ile kona, na sandali moja ya Mama Divine iliyoanguka.

Nilirudi kwa miguu. Sitaeleza ile njia. Alasiri yote niliketi ofisini, na upande wa pili wa mbao hapakuwa na sauti. Faustin naye alikuwa ameketi, amejua. Simu ya kituo haikupata mtandao. Mpishi alileta maharage na sombe, yale majani ya muhogo, akayaondoa yamepoa, hayajaguswa. Kila moto iliyosikika bondeni niliifuata kwa masikio mpaka ikapotea. Nilichokiogopa siku hiyo hakikuwa na sura ya titulaire wala ya daraja. Kilikuwa mtoto wa kilo tisa ambaye sikuwahi kumshika, nami nikagundua kwamba hofu zangu zote za mwaka ule zilikuwa mchezo tu wa kujizoeza, na bado hazikuwa zimenizoesha.

Maman Consolée alirudi Ijumaa mchana, nguo zile zile za jana, macho mekundu. Aliketi kwenye gunia langu la unga, kitu ambacho hangekifanya siku nyingine. Akasema mtoto ameamka alfajiri na amenyonya. Nilianza kulia, akaniacha nilie. Baadaye akaandika ripoti mbele yangu, majina mawili chini, la kwake la kwanza, kwa sababu, alisema, ukuta ni wake. Nilipewa onyo la maandishi. Nililichapa mwenyewe, hakukuwa na katibu mwingine.

Jumamosi nikateremka tena kwa Mzee Hamisi, kompyuta mgongoni na majedwali saba mkononi. Nilimwambia nilikuwa nayo siku ile, nikamdanganya. Nilimsimulia yote. Hakunilaumu na hakunifariji. Alifanya alichokuwa akikifanya siku zote: aliniuliza. Aliuliza nilisikia saa ngapi kwamba kuna kosa. Nikasema saa mbili. Akauliza nilimwambia mukubwa wangu saa ngapi. Nikasema saa tano. Akauliza mama alimpa mtoto dawa saa ngapi. Nilimjibu nikiangalia sakafu. Ndege ikapita juu ya bati, ikatua. "Hiyo ya masaa," akasema, "usiniambie mimi. Mwenye kuambiwa iko, ni ule mama."

Kisha tukafanya kazi ambayo tulipaswa kuifanya mwanzo. Tulifungua kila jedwali katika programu kubwa na katika ile ndogo, tukachapisha, tukaweka karatasi tatu tatu mezani, yeye akisoma kwa sauti kutoka la zamani, mimi nikipitisha kidole kwenye mapya. Ile nyepesi iliharibu manne kati ya saba. Ile kubwa ilishika yote, vyumba vilivyounganishwa na vyote. Nilitaka kufurahi, lakini Mzee Hamisi alinionyesha jedwali la sita, ambamo mstari mmoja ulikuwa umehamia ukurasa wa pili peke yake, ambapo mtu asingeuona. Akasema hii ni bora, tuichukue, lakini nayo itakudanganya siku moja, kidogo, kwa adabu. Kwa hiyo tuliiondoa nyepesi, nikabaki na ile inayofunguka taratibu, na tangu siku hiyo kila asubuhi nilikuwa naibonyeza na kuingoja nikiwa nimekunja mikono. Na hakuna karatasi ya vipimo iliyobandikwa mpaka Faustin aisome kwa sauti nami nifuate kwa kidole, kisha tubadilishane. Akina mama kwenye benchi walidhani tunasali.

Mama Divine alikuja baada ya wiki mbili, siku ya kupima watoto uzito. Maman Consolée alikuwa amekwisha kumweleza hospitalini kwamba karatasi ilikosewa na aliyeichapa ni nani. Nilimwona kwenye njia na mwili wangu ukataka kuingia nyuma ya magunia. Nilitoka nikamrudishia sandali yake. Aliipokea, akaitazama, akaishika mkononi bila kuivaa. Tulizungumza kwa Kinyarwanda, changu kibovu. Nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Wewe ndiye uliyeandika?" aliuliza.

Nikasema ni mimi.

"Nilipotoka pale nikakusalimia. Ulikuwa umejua?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angenikanusha ila mzee mmoja wa Kamembe. Nilihisi ule uongo wa haraka umefika tayari kwenye ulimi. "Nilikuwa nimesikia," nikasema. "Nilijua. Niliogopa nikakaa mpaka saa tano."

Nilimwona akihesabu, midomo ikitembea. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Hakuinua sauti. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaza kitenge, akaenda kupanga foleni na wengine. Nilibaki nimesimama pale, nikajua kwamba sitasamehewa, na kwamba ni haki yake. Lakini alipomaliza kupimisha alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto, na yeye hakujua kusoma. Aliiweka mezani, akasema, "Soma." Nikasoma: jina, kilo, chanjo, dawa ya minyoo, kipimo. Akasema, "Rudia." Nikarudia, kidole juu ya kila neno. Akachukua kadi akaondoka bila kuaga.

Alifanya hivyo kila mwezi mpaka mwaka ukaisha. Hakunisalimia tena hata mara moja. Faustin alimwambia kwamba yeye mwenyewe angeweza kumsomea, kadi aliiandika yeye. Mama yule akamjibu kwamba anataka huyu ndiye asome. Kila mwezi siku ya kupima uzito ilipokaribia sikulala vizuri, na kila mwezi nilisoma. Kisha, mwezi wa mwisho wa mwaka, Divine akiwa tayari anatembea ameshika sketi ya mama yake, nilifika kwenye tarakimu moja nikasimama. Kalamu ya Faustin ilikuwa imekwaruza. Sikuweza kujua kama ni moja au ni saba. Mama Divine alinitazama. Nikamwambia, "Hapa sijui. Ngoja niende nikaulize."

Akavuta kiti changu, akaketi, akampakata mtoto, akaningoja.